Sauti ya Kuwapa Watu

Msiba wa Mwidani ulikuwa na watu, wallahi. Walijaa barazani, wakajaa uani, wakamwagika mpaka njia kuu ya Frere Town, na katika hao walikuwamo madereva wa tuktuk wasiopata kumwona uso hata siku moja. Wao walikuja kuizika sauti. Wanawake nao, walipoingia chumbani kumpa mkono mjane, walikuwa na neno moja.

"Mwanarusi, ulikuwa na bahati wewe," walimwambia wakimpapasa magoti. "Sauti ile ndani ya nyumba yako kutwa kucha! Sisi twaisikia simuni tu, na roho zatulia."

"Ahsanteni. Mungu awalipe," alijibu Mwanarusi, akajiinamia ndani ya kanga yake. Angewaambia nini? Kwamba sauti hiyo wanaijua wao kuliko yeye?

Kazi ya Mwidani, tangu alipostaafu ukarani bandarini, ilikuwa kuwasomea watu vitabu. Alichukua riwaya ya mtu, kwa idhini ya mwenyewe, akajifungia stoo alikoegemeza magodoro ukutani, akaisoma akijirekodi kwa simu sura baada ya sura. Salsabil, binti yao, ndiye aliyeziweka sura hizo kwenye chaneli mtandaoni. Ikawa fundi cherehani wa Kiembeni anashona huku anasikiliza, muuza nazi wa Kongowea anafua nazi huku anasikiliza. Ilisemwa kwamba Mwidani akisoma mvua, mtu hutoka nje kuanua nguo.

Lakini nyumbani, jamani, mtu huyo alikuwa bubu. Alikuwa anapumzisha koo. Akitaka chai huinua kikombe, akitaka chumvi hugonga meza, na ukimuuliza jambo hukuonyesha shingo yake kwa kidole, basi, mazungumzo yamekwisha. Siku za kurekodi Mwanarusi ndiye aliyezima jiko, akafukuza kuku, akamwomba jirani asitwange, kisha akaketi uani mikono ina unga wa mahamri, akingoja bwana amalize kuwabembeleza wanawake wa vitabuni. "Sauti ya kuwapa watu anayo," alikuwa akimwambia binti yake. "Ya kunipa mimi hana." Hakusikiliza hata sura moja. Kisirani tu, nisikufiche.

Hayo yote angeyameza. Wanawake wangapi wamemeza makubwa kuliko hayo? Lililomkwama ni la mwisho. Kiharusi kilipompiga Mwidani, Mwanarusi alikaa kando ya kitanda akamwomba radhi, kama mke anavyomwomba mumewe safari ikikaribia. "Niwie radhi, Mwidani. Kama nilikukosea, niwie radhi." Mwidani alimtazama, midomo ikachezacheza, neno lisitoke. Akafa hivyo. Na mke ambaye mumewe amekufa bila kutamka radhi atatulia vipi? Alimtumikia mtu umri mzima, na sasa hajui kama alimpendeza au alimchosha tu.

Basi akawa kizuka, akakaa eda na swali hilo.

Khitma ya arobaini ilipopita, alikuja Famau, kaka mkubwa wa marehemu. Mtu wa msikitini, mtu wa heshima, hakuvuka mlango wa chumba. Aliwekewa kiti barazani, upande wa pili wa pazia.

"Shemeji."

"Abee."

"Wajionaje na hali?"

"Alhamdulillahi. Twashukuru."

Famau hakuwa mbaya, msimwonee. Ndugu yake alikuwa mmoja tu, na tangu mazishi alikuwa amekonda mpaka kanzu inamning'inia.

"Nimekuja kwa jambo la marehemu," alisema. "Zile hadithi zake. Humo mna mapenzi, mna wivu, mna wanawake wanaotoroka na waume za watu. Watu wazisikiliza mpaka leo, na mimi naogopa. Naogopa kila anayeburudika nazo, ndugu yangu kule kaburini aandikiwa. Wako wanaosema ni bora zifutwe, apumzike. Lakini mimi sina amri, shemeji. Haki ni yako na mtoto. Ukisema zibaki, zitabaki."

Salsabil, aliyekuwa akikusanya vikombe, aliviweka chini kwa kishindo. "Ami, umewahi kusikiliza hata moja?"

"Sijawahi."

"Basi wajuaje? Watu wanalia humo. Kuna mtu wa Utange alituandikia kuwa alimrudia mkewe kwa sababu ya namna Baba alivyosoma ukurasa mmoja. Ukurasa ule ule alikuwa ameusoma mwenyewe kitabuni, asihisi kitu!"

"Salsabil," mama yake alimkanya. "Huyo ni ami yako."

Binti akaingia ndani ya pazia, akapiga magoti mbele ya mama yake. Alisema polepole, machozi yanamlengalenga. "Mama, sikiliza moja kwanza. Moja tu. Kisha useme utakalo."

"Sitaki."

"Kwa nini?"

"Alininyamazia hai. Sitaki anisemeshe mfu."

Mwanarusi alijitengeneza kanga, akapandisha sauti ili imfikie Famau. "Zifuteni, shemeji. Kama zamzuia kupumzika, zifuteni."

Sasa, hapo palikuwa na dini kiasi gani, na kinyongo kiasi gani? Yeye mwenyewe alijua, ndiyo maana hakuweza kumtazama bintiye usoni. Salsabil alishika simu. "Mama, simu yauliza kama nina hakika."

"Bonyeza."

Akabonyeza. Memori kadi iliyokuwa na sura zote tangu ya kwanza alimpa ami yake, naye akaivunja kwa koleo pale pale barazani, akitaja jina la Mungu, kwa nia safi kabisa.

Jirani yao, Kahaso, alikuwa akikaanga viazi karai upande wa pili wa ukuta. Mwanamke wa Kigiriama, mcheshi, mwenye sauti ya kuita wateja hadi ng'ambo ya barabara. Tangu msiba alikuwa akipunguza makelele kwa heshima ya kizuka, na kila jioni alimletea sahani ya viazi na ukwaju, asitake hata ahsante.

Alasiri moja Salsabil ametoka, nyumba kimya, Mwanarusi amejinyoosha kitandani, akasikia mwanamke anagomba huko kwa Kahaso. Hakumjua ni nani. Alichosikia ni kwamba mwanamke huyo, alipokasirika, hakupandisha sauti. Aliishusha. Aliishusha chini kabisa, akatoa pumzi fupi puani, ndipo akasema, "Haya, mwana wa watu. Mimi nauliza, mimi najijibu. Hebu nipishe nifagie."

Mwanarusi aliketi. Nani huyu anayegomba kama mimi? Alijiuliza hivyo hasa. Kisha yule mwanamke akacheka, kicheko cha mtu asiyetaka kucheka, kinachoanza na kukatwa, na baada ya kicheko ikaja sauti ya mwanamume inayosimulia: "Zuhura akachukua ufagio, akampa mumewe mgongo."

Ilikuwa sauti ya Mwidani. Na yule mwanamke pia alikuwa Mwidani.

Mwanarusi alifika dirishani hajui alivyofika. "Kahaso! We Kahaso!"

"He! Nisamehe mwenehu, dada yangu, nazima! Nilidhani umelala."

"Usizime! Usizime, nakuomba! Njoo nayo huku."

Kahaso alikuja mbio, mikono yanuka mafuta, simu ameibana kwapani. Waliketi pamoja kitandani, simu katikati yao, ikaanzishwa tena tangu mwanzo. Na Mwanarusi akasikiliza.

Alidhani atasikia mwanamume anayebana pua kuigiza wanawake, kama wale wachekeshaji wa redioni. Hapana. Mwidani hakubana kitu. Mumewe Zuhura, katika kusimulia kwake, alikuwa mtu wa maneno makavu, anayepita haraka. Lakini akifika kwa Zuhura, Mwidani alipunguza mwendo, akalainika, akampa mwanamke yule nafasi ya kuvuta pumzi. Alimpa ile "ee" fupi ambayo Mwanarusi huianzia jibu. Alimpa ule mkato kabla ya neno linalouma. Zuhura alipokuwa akipika, ulisikia kabisa kwamba amechoka na hataki kusema amechoka, na haikuandikwa popote kwamba amechoka. Ni msomaji aliyejua.

"Ni mimi," alisema Mwanarusi.

Kahaso alimshangaa. "Si ni wewe! Kwani hujui?"

"Najua nini?"

"Dada, mtaa mzima unajua ni wewe! Kila mwanamke mwema kwenye vitabu vyake ni wewe. Bibi wa mfalme, wewe. Muuza mchicha, wewe. Sisi tukikusikia unamfokea muuza maji, twasema, haya, kitabu kimeanza. Tulidhani wajua, unaringa tu hutaki kusema!"

Mwanarusi alifunika uso kwa viganja. Miaka yote ile aliketi uani akidhani mumewe anawabembeleza wanawake wengine. Kumbe alikuwa akimsikiliza yeye, anazisikiliza hata pumzi zake, na jioni anakuja mezani kugonga chumvi. Mbona hakusema? Mbona wewe mtu hukusema, ukaenda kuwaambia watu wa tuktuk?

Simuni Zuhura alikuwa amemaliza kufagia. Alisimama mbele ya mumewe, na kwa sauti ile iliyoshushwa akamuuliza: "Mimi nikitangulia, watu wakikuuliza habari zangu, utawaambia nini?"

Sura ikaisha.

"Weka inayofuata," alisema Mwanarusi.

Kahaso alishika simu asibonyeze kitu. "Sina, dada."

"Hii umeipata wapi?"

"Mimi huzipakua moja moja. Bando ni ghali, na simu yangu haina nafasi, nikishasikia nafuta. Hii niliiacha kwa kuipenda. Ile ya mbele nilikuwa nayo pia, lakini arusi ya mdogo wangu Velma ilipofika nikaifuta nipate nafasi ya picha. Nilijua iko kwenye chaneli, siku yoyote naichukua. Sasa chaneli yenyewe imefutwa!" Kahaso alipandwa na hasira, akasahau alipo. "Wallahi mimi si Mwislamu lakini naapa, aliyefuta mambo yale hana roho. Mtu anaamka tu, anamuua maiti mara ya pili!"

"Ni mimi," alisema Mwanarusi, kwa mara ya pili alasiri ile.

Kahaso alijifuta mikono kwenye leso yake ingawa haikuwa na kitu tena. Mtu aibike vipi zaidi ya hapo, mbele ya jirani anayemlisha viazi? Lakini Kahaso ni mtu. Alimshika bega tu.

"Uliisikia lakini, hiyo ya mbele," alisema Mwanarusi baadaye. "Mume alimjibuje?"

"Alimwambia..." Kahaso alifikiri. "Alisema, 'Nitawaambia niliishi na mtu.'"

"Hayo tu?"

"Maneno ni hayo tu. Lakini dada, alivyoyasema! Nilikuwa na karai motoni, viazi vikaungua sikuvigeuza. Alinyamaza kwanza. Halafu akasema..." Alinyanyua kidevu, akajaribu kuikoroga sauti yake iwe nene. "Nitawaambia niliishi na mtu!"

Ikatoka kama bwana shamba anatangaza bei ya korosho. Waliangaliana, wakacheka wote wawili, na kabla kicheko hakijaisha kikageuka kilio.

Salsabil aliporudi na kuambiwa, hakumlaumu mama yake. Ingekuwa heri angelaumu. Alivaa buibui lake tena akatoka vile vile. Alivipeleka vile vipande viwili vya kadi kwa Morgan, fundi wa simu, ambaye alivitazama chini ya taa yake na kumwambia, "Dadangu, hata nikikutoza pesa nitakuwa nakuibia." Aliwaandikia wenye mtandao, akajibiwa na mashine. Aliwauliza wasikilizaji aliowajua, mmoja mmoja. Wote walikuwa wakisikiliza moja kwa moja kwenye chaneli. Nani ajisumbue kuweka akiba ya maji ya mto?

Habari zikazagaa. Watu walipojua mjane anataka nini, wakaanza kuja wenyewe. Muuza nazi alisimama uani akaapa kwamba Mwidani aliposema neno lile alikuwa anatabasamu, ulisikia meno kabisa. Fundi cherehani akapinga: hapana, alilisema kwa kunong'ona, yeye alisimamisha cherehani ndipo akasikia. Kalama, dereva wa tuktuk, kijana mkubwa wa mwili, aliomba ruhusa asimame nje ya dirisha.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Siku ile tulikuwa stejini, tuktuk sita. Tulizima injini zote. Abiria walikasirika wakashuka. Aliposema vile... mama, mimi nilimpigia simu mke wangu. Yuko kwao, tulikuwa tumegombana. Nikamwambia hujambo tu, basi, sikuwa na lingine."

"Alisemaje? Niigie."

Kalama alijaribu. Alijaribu mara mbili, jasho likamtoka, akashindwa. "Sikuja na sauti hiyo, mama," alisema, akaenda zake ameinama.

Kila mmoja alikuwa na Mwidani wake. Mwanarusi aliwasikiliza wote, akawashukuru wote, na kila aliyeondoka alimwacha na maneno yale yale manne, makavu.

Famau alizipata habari msikitini, maana mtaani hakuna siri. Hakusema kitu kwa mtu. Alikwenda Kiembeni kwa miguu yake, kwa mwalimu mstaafu aliyeitunga riwaya ile, akaomba ukurasa. Akaja nao baada ya swala ya adhuhuri, akaketi upande wake wa pazia.

"Shemeji."

"Abee."

"Nimekuletea maneno. Mwenyewe aliyeyaandika amenipa." Alikohoa. "Na nimefikiri jambo. Mimi na marehemu sauti yetu ilikuwa moja. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa hatujui nani ni nani tukibisha hodi. Nimeona, labda, nikikusomea mimi..."

Salsabil alimtazama ami yake kwa mshangao. Lakini ilikuwa kweli. Tangu mazishi alikuwa hapendi kumsikia akisalimu kwa sababu hiyo hiyo.

"Soma, shemeji," alisema Mwanarusi, akasogea mpaka goti lake likagusa pazia.

"Bismillahi." Karatasi ikakunjuka. "'Mumewe aliweka ufunguo mezani. Akasema: Nitawaambia niliishi na mtu.'"

Koo lilikuwa lile lile. Uzito ule ule, hata mkwaruzo wa chini, ule wa watu wa ukoo wao. Mwanarusi alilishika pazia. Lakini Famau aliyasoma kama anavyosoma tangazo la mchango wa msikiti, kila neno na haki yake, kituo mahali pa kituo. Neno likamfikia kizuka na kuanguka miguuni pake, halina mtu ndani.

"Tena, shemeji. Polepole."

Akasoma tena polepole. Yakazidi kuwa ya mbao.

"Kahaso asema alinyamaza kwanza. Nyamaza, kisha useme."

Famau akanyamaza. Na katika kimya kile, Mwanarusi alifumba macho, akaamini. Huyo hapo, nyuma ya kitambaa, Mwidani wake, anavuta pumzi, anataka kusema. Sasa hivi atasema. Kisha Famau akasema, na hakuwa Mwidani.

"Nimesoma vibaya," alisema Famau.

"Umesoma vizuri, shemeji. Maneno ni hayo hayo."

Karatasi ilikunjwa taratibu. Upande wa pili wa pazia alisikika mzee akihangaika na pumzi yake, mtu mzima anayejizuia mbele ya mtoto wa nduguye, na kujizuia kukamshinda. Sauti ilipotoka haikuwa ya kusoma tena. Ilikuwa imeshuka, imevunjika, imejaa, kiasi kwamba Salsabil mlangoni aliziba mdomo kwa kiganja, kwa maana sasa ndiyo ilikuwa ya baba yake hasa.

"Niwie radhi, Mwanarusi," ilisema sauti. "Nilikosea. Niwie radhi."

Mwanarusi alilia. Alilia kilio ambacho siku ya mazishi hakikumtoka, kilio cha kusikika mpaka kwa Kahaso, mpaka barabarani, na hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze. Kilipopungua alijifuta uso kwa pembe ya kanga, akajibu, kwa kuwa kuombwa radhi ni kitu kizito na mtu haachwi akingoja.

"Nimekuwia radhi, shemeji. Wewe una bahati, umeniomba ningali na ulimi," alisema. "Mimi ndiye sina wa kuniwia."